Ndoo Niliyoletewa Kitini

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kuficha. Waliofanya kazi ya maji pamoja nami Bariadi watakuambia niliwahi kumfokea mlinzi wa kituo cha mafuta kwa sababu tu alikalia kifuniko cha kisima changu cha uchunguzi akinywa uji. Nilimfokea mpaka kikombe kikamponyoka. Baadaye nilimnunulia uji mwingine, lakini sikumwomba radhi, maana niliona ule ndio ukali wa kazi. Ninachotaka kusimulia ni habari ya mahali ambapo ukali ule ulihitajika kweli, na mimi nikawa mpole kama mkwe aliyekuja kuposa.

Kituo chenyewe kipo mjini, pembeni ya barabara kubwa. Tangi lake moja la chini ya ardhi lilikuwa limezeeka, likatoboka, na petroli ikawa inaingia ardhini taratibu bila mtu kujua. Mwenye kituo alipogundua kwamba mafuta yanapungua kuliko anavyouza, alilifukua tangi na kuweka jipya. Lakini iliyokwisha kumwagika haizoleki. Ndipo ikaamriwa maji ya chini ya ardhi yaangaliwe kila baada ya miezi mitatu, na kazi ya kuchukua sampuli nikapewa mimi.

Tulichimba visima vinne vya uchunguzi. Usidhani ni visima vya kuchota. Ni mabomba membamba ya plastiki yanayoshuka mpaka kwenye maji, juu yana kifuniko na kufuli. Unashusha humo kichoteo chembamba kwa kamba, unapandisha maji, unayatia kwenye chupa, chupa inakwenda maabara Mwanza. Petroli nyingine huelea juu ya maji kama mafuta ya kupikia juu ya mchuzi, na nyingine huyeyuka ndani, ikasafiri polepole na maji yanakoelekea. Na pale maji yalikuwa yanaelekea nyuma ya ukuta, kwenye nyumba za watu.

Nyumba ya kwanza nyuma ya ukuta ilikuwa ya mama mmoja mjane. Nilimwita mayu, kama tunavyomwita mama yeyote kwetu Usukumani. Kisima chake kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka ukutani, alichokichimba marehemu mumewe kwa mikono. Walikitumia kwa kila kitu, kunywa, kupika, kufua. Aliishi na mke wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa Bukundi na ng'ombe, akija kwa nadra. Kwa hiyo kisima cha mayu kiliongezwa kwenye orodha yangu kuwa cha tano, na ndicho kilichokuwa na maana kuliko vyote, kwa sababu mabomba yangu manne hayakunywewa na mtu.

Siku ya kwanza nilimpigia mayu simu tangu jana yake, kwa adabu. Nilipofika alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, kwa sauti kubwa.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola gete."

Aliposikia ninavyoitikia akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Nkololo. Loo! Hapo salamu zikaanza upya. Akataka kujua Nkololo upande gani, baba yangu nani, mama yangu katokea wapi, ng'ombe tunao bado au tumeuza wote tukanunua pikipiki. Akanitania kitambi changu, akasema mtu wa Nkololo akishapata mshahara huanza kufanana na gunia la pamba. Tulicheka. Nilikuwa nimewekewa kiti cha mbao mbele ya nyumba, kivulini.

Kisha nikasimama na kichoteo changu.

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani, mayu. Nikachukue yale maji ya kupima."

Akanitolea macho. "Wewe! Kwangu hapa mgeni mwanamume ajichotee maji, na mimi nimekaa namtazama? Wataniambia nini majirani? Mama yako kule Nkololo ndivyo alivyokufundisha? Kaa chini."

Nikakaa.

Mtu wa kutoka mbali angecheka tu, akazunguka nyuma ya nyumba na kamba yake. Mimi sikuweza. Nimelelewa hivyohivyo. Kwetu mgeni haendi nyuma ya nyumba ya watu, na mwanamume hashiki ndoo ya kisimani kwenye mji wa mwanamke mtu mzima aliyekwisha kumwambia akae. Ningefanya hivyo mama yangu akasikia, angeona aibu sokoni. Nikajisemea, kutoka kisimani mpaka kwenye ndoo na kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye chupa yangu ni dakika chache, hapo kutaharibika nini?

Mayu akamwita mkwewe, akamwagiza alete maji ya kisimani, wataalamu wanataka kwenda kuyapima. Mkwe alikuwa binti mrefu, mkimya, wa macho ya chini. Akakawia kidogo, akaja na ndoo nyeupe yenye mfuniko, akapiga magoti, akaiweka mbele yangu, akaondoka.

Na mimi, bwana mtaalamu, nikavaa glavu mpya! Nikajaza chupa mpaka juu kabisa nikihakikisha hakuna hata povu moja ndani, maana petroli huruka ikipata hewa. Nikabandika karatasi, nikaizika chupa kwenye barafu. Kisha nikajaza fomu. Ile fomu ina mstari unaosema kwamba aliyesaini amechukua sampuli kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye chanzo kilichotajwa. Nikasaini.

Majibu yalipokuja, bomba langu lililo karibu na ukuta lilikuwa na petroli nyingi. Kisima cha mayu kilikuwa safi kabisa. Safi, hata dalili hakuna.

Miezi mitatu ikapita, nikarudi. Simu ileile ya jana yake, kiti kilekile, salamu zilezile, ndoo ileile nyeupe. Majibu yakaja tena: bomba la ukutani limezidi, kisima cha mayu safi. Mkubwa wangu wa Mwanza akanipigia simu. Akasema haelewi. Maji yanakwenda upande ule, bomba linaonyesha yanakwenda upande ule, iweje kisima cha pale pale kisiguswe? Akaniuliza nina hakika na sampuli. Nikakasirika! Nikamuuliza kama ananifundisha kazi. Nikamwandikia aya nzima ndefu kuhusu udongo mweusi wa mbuga, jinsi ulivyo mzito, jinsi unavyoshika na kuziba, kwamba bila shaka kati ya ukuta na kisima kuna tabaka la udongo huo linalokilinda. Niliona fahari nilipoandika. Nimekulia juu ya udongo huo, nimeulima kwa jembe. Najua kabisa kwamba kiangazi hupasuka mpaka mguu wa ndama unazama ndani ya ufa. Hilo sikuliandika. Wala sikulikumbuka, sijui kwa nini.

Baada ya majibu hayo ya pili nilikwenda mwenyewe kumpa mayu habari, maana alikuwa amenisisitiza tangu mwanzo: "Mwanangu, mimi karatasi zenu sizijui. Wewe niambie jambo moja tu. Tunywe au tusinywe?" Nikamwambia kisima chake ni salama. Akapiga kigelegele. Akasema alijua, kisima cha mzee wake hakiwezi kumwaibisha.

Mkwe alikuwa amepiga magoti akitenga ndoo ya maji ya kunawa. Kwa mara ya kwanza akainua macho akanitazama.

"Kwa hiyo tunywe?"

"Kunyweni," nikasema.

Hakuondoka mara moja. Ndipo nilipoona kwamba ni mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa chini ya kanga. Nikataka kuwa mwema. Nikamwambia, "Tena wewe ndiye hasa unywe maji mengi."

Akanishukuru, "Haya, wabeja." Akaondoka.

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu hiki. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama sura yake ilionyesha kitu. Sikumbuki. Nilikuwa tayari natazama sahani ya karanga niliyotengewa.

Safari ya tatu nilimkuta ana mtoto mgongoni, kichanga cha wiki chache. Nikampa hongera. Ndoo ikaja, nikajaza chupa zangu, na moja ya ziada kama kawaida, nikarudi ofisini kabla ya saa nane.

Ofisini kulikuwa na kifaa cha kupima dawa ya klorini, ile inayotiwa kwenye maji ya bomba la mtaa. Unatia kidonge kwenye maji. Yakiwa na dawa yanageuka rangi ya waridi, yakiwa hayana yanabaki meupe. Mwenzangu alilalamika kwamba kifaa kinamdanganya. Nikamwambia alete nikihakiki. Ili kuhakiki unahitaji maji ambayo una hakika hayana dawa kabisa. Na mimi nilikuwa nayo, chupa ya ziada ya kisima cha mayu. Kisima cha nyumbani hakitiwi dawa na mtu. Nikamimina, nikatia kidonge, nikatikisa.

Yakageuka waridi.

Nikavitukana vidonge. Nikafungua pakiti nyingine. Waridi. Nikatoka mbio mpaka kisima cha majirani wa ofisi, nikachota, nikatia kidonge kutoka pakiti ileile. Meupe. Nikarudia maji ya mayu mara ya tatu, mwenzangu amesimama nyuma yangu ananiangalia. Waridi.

Akasema, "Hayo ni ya bomba hayo."

Nilikaa chini nikaona safari zote tatu mbele yangu: mkwe anavyokawia, ndoo inavyokuja na mfuniko, mimi na glavu zangu. Sikuwahi kukiona kisima cha mayu. Miezi hii yote, fomu tatu, saini tatu, aya ndefu ya udongo wa mbuga, na macho yangu hayajawahi kukiona!

Kesho yake asubuhi sikupiga simu. Sikubisha hodi. Nilipita kando ya nyumba kama mwizi, nikafika nyuma. Kisima kilikuwa kimejengewa vizuri, mdomo wa mawe, mfuniko wa bati, ndoo ya kamba imetundikwa. Nilipoinua bati nikajua. Hata kabla ya kushusha kichoteo nilijua. Harufu ilinipanda puani ikanichoma macho. Nikashusha, nikapandisha, nikamimina kwenye beseni jeupe, na juu ya maji pakatanda ule utando wenye rangi nyingi unaouona barabarani pikipiki ikivuja.

Nyuma yangu nikasikia ndoo ikitua chini. Mkwe alikuwa amekuja kuchota, mtoto mgongoni. Alinikuta nimechuchumaa kisimani kwao.

"Shikamoo," akasema. Hata hapo hakusahau.

"Marahaba. Maji mliyokuwa mnaniletea yalitoka wapi?"

Akaitazama ndoo yake. Nikarudia kwa ukali, na mtoto akashtuka akaanza kulia. Akambembeleza kwanza, kisha akanijibu kwa sauti ya chini sana.

"Bomba la mtaa. Nilikuwa nakwenda alfajiri ile siku ya wageni."

"Kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu. "Haya yananuka. Ningewatengea wageni wa mayu maji yanayonuka?"

"Lakini mimi nilikuja kupima! Nilisema!"

"Mlikuwa na mabomba yenu kule sheli. Niliona mnachimba, niliona mashine. Nikajua jibu linatoka kule. Hii ndoo nikaona ni heshima tu, kama karanga."

"Na wewe ulisikia harufu siku zote?"

"Tangu nilipoolewa hapa."

"Ukanywa?"

"Ulisema tunywe."

Nilifungua kinywa nimfokee. Ndiyo, nakiri, nilitaka kumfokea, maana hasira ilikuwa imepanda na ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. Lakini hapakuwa na mtu pale ila mimi. Yeye pua yake ilimwambia asinywe, na mimi mwenye vyombo nikamwambia anywe, akaniamini mimi kuliko pua yake.

Mayu alitusikia, akaja akizunguka nyumba, kitambaa cha ugoro mkononi. Alikuwa anavuta ugoro tangu ujana, na pua yake ilikuwa imeshakufa zamani. Nikamweleza. Hakuniamini. Akainama juu ya beseni akanusa, akanusa tena, akasema hasikii kitu. Nikamwonyesha ule utando. Akaugusa kwa kidole, akausugua kwa kidole gumba, akahisi ulivyo. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye tope la kisimani, mama mtu mzima na kitenge chake safi.

"Wewe ulijua?" akamuuliza mkwewe.

"Nilisikia harufu, mayu."

"Ukaninyamazia?"

"Ningesema nini? Nimekuja kwenu juzi tu. Ningekuwa mke gani wa kuja kukikataa kisima cha baba?"

Mayu hakumgombeza. Nilidhani atamgombeza, nikajiandaa kumtetea. Aliuvuta mguu wa mtoto uliokuwa umening'inia nje ya kanga, akaushika mkononi mwake. Halafu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama msibani, akimtaja mumewe, akimwomba radhi mumewe, akimwambia kisima chake kimeingiliwa na yeye hakujua. Mimi nilisimama pale na glavu zangu mkononi. Nililia pia, sioni haya kusema.

Siku ileile nilipiga simu Mwanza. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba sampuli zote tatu za kisima cha tano zifutwe, kwamba sikuzichukua kwa mkono wangu, kwamba nilisaini uongo. Kisha akauliza na ile habari ya udongo wa mbuga. Nikamwambia aichane. Nikarudi kwa mayu na bati jipya na kufuli na karatasi ya onyo, nikakifunga kisima mwenyewe. Mayu hakutoka ndani kutazama. Mwenye kituo alikubali kuwapelekea maji ya bomba kila siku, na baadaye nyumba nyingine tatu zikapimwa. Safari hii nilizunguka nyuma ya kila nyumba mwenyewe, watu wakinishangaa. Kuna mzee aliniuliza kama sina kwetu.

Jioni ya siku ile nilipofunga kufuli, mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni akimnyonyesha mtoto. Nilikwenda kumweleza yale yanayoelezwa: wasiyatumie hata kufulia, wasifungue bati, mtoto wampeleke kliniki na mama naye apimwe, nitawaandikia barua ya kwenda nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ananitazama usoni sasa, macho hayakushuka tena.

"Nimeyanywa tangu mimba ikiwa changa," akasema. "Nikayanywa mengi, kama ulivyoniambia."

"Ndiyo."

"Maji mnayapima, unayapeleka Mwanza, jibu linakuja."

"Ndiyo."

"Na haya maziwa yangu? Nimpe au nisimpe?"

Nilikuwa na maneno mengi siku zote, ya udongo, ya maji, ya glavu. Nikamwambia sijui.

Mtoto alikuwa ameachia, anahangaika na kulia. Basi akamgeuza upande wa pili, akamwekea titi, akaendelea kumnyonyesha.